Kutoboa kimuziki ukiwa Mbeya: juhudi, mbeleko au zali? Na milioni tatu zigawanywe vipi?

KabweStendi ameuliza:

Wakuu, salaam kwenu wa Nyanda za Juu na mlioko mbali.

Mada ya wasanii ikifunguliwa hapa, nusu saa haiishi jamvi limeshagawanyika. Kambi ya kwanza inasema fulani kapambana, wengine ni wavivu tu. Ya pili inasema huyo kabebwa, mbeleko ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ya tatu inakuja na "ana nyota", mjadala unafia hapo.

Naomba leo tuutoe kwenye ushabiki. Chukulia binti wa miaka 19, yuko Uyole. Sauti anayo, nyimbo anaandika mwenyewe, kwaya ya kanisani imeshamfundisha kushika sauti ya pili bila kuyumba. Ukoo umechanga shilingi milioni tatu. Wajomba wanataka hela yote iende kwenye wimbo mmoja na video moja kali ya Dar, maana bila koneksheni hakuna kutoboa. Baba wadogo wanasema abaki huku anoe kipaji, kizuri chajiuza.

Maswali yangu ni mawili. Kuna mtu amewahi kupima uzito wa juhudi na uzito wa bahati kwa namba, au tunabishana kwa hisia tu? Na kwa hali ya hapa kwetu, milioni tatu hiyo itumikeje? Wenye utaalamu tafadhali, na tusiletee stori za "mimi nilivyoanza".

---

MwalimuNamba amejibu:

Imepimwa, mkuu, tena kwa namna ambayo inawakosesha usingizi wajomba na baba wadogo kwa pamoja.

Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio katika jarida la Science. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaziweka kwenye tovuti, wakapata washiriki zaidi ya 14,000. Kundi moja lilisikiliza bila kuona wengine wamependa nini, na chaguo la kundi hilo ndilo lililotumika kama kipimo cha ubora wa wimbo. Waliobaki waligawanywa katika "dunia" nane zisizoonana. Kila dunia ilianza na sifuri, na humo kila msikilizaji aliona wimbo umeshapakuliwa mara ngapi.

Kama kizuri kingekuwa chajiuza, dunia zote nane zingetoa washindi walewale. Hazikutoa. Kuna wimbo ulioshika nafasi ya 26 kwa wale waliosikiliza bila kuona ya wenzao. Wimbo huohuo ulikuwa wa kwanza katika dunia moja na wa 40 katika nyingine. Sauti haikubadilika, biti haikubadilika. Kilichobadilika ni nani walibonyeza mapema, na waliofuata wakafuata namba.

Msikimbilie kusema basi ni zali tupu. Nyimbo bora kabisa zilikuwa nadra kuanguka mkiani, na mbovu kabisa zilikuwa nadra kupanda kileleni. Vurugu ilikuwa kwenye lile kundi kubwa la katikati. Kwa hiyo kazi ya juhudi ni kumtoa binti wa Uyole kwenye kundi la wasioweza kushinda kabisa. Baada ya hapo haimuahidi kitu.

Kuhusu mazoezi yenyewe: mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake wawili walikusanya tafiti nyingi pamoja na kukuta kwamba mazoezi ya makusudi yanaeleza takribani asilimia 21 ya tofauti za uwezo kati ya wanamuziki. Asilimia 21 si kidogo, ila zile hadithi za "saa elfu kumi ukimaliza unakuwa bingwa" hazisimami. Na hiyo ni ya uwezo wa kupiga na kuimba. Umaarufu ni jambo jingine, na liko mbali zaidi na mazoezi.

La mwisho, kwa wanaosema bahati ina mchango mdogo. Mchumi Robert Frank wa Chuo Kikuu cha Cornell alifanya hesabu ya kuigiza kwenye kompyuta: washindani 100,000, matokeo yanategemea uwezo na juhudi kwa asilimia 98, bahati asilimia 2 tu. Katika mashindano mengi, takribani asilimia 78, mshindi hakuwa yule mwenye uwezo na juhudi kubwa kuliko wote. Sababu yake ni rahisi. Watu wakiwa wengi hivyo, pale juu wanajazana mamia waliolingana karibu kabisa, na ile asilimia mbili ndiyo inayoamua nani apite. Muziki wa Bongo ni uwanja wa namna hiyo.

---

DadaWaKihesa amejibu:

Kamwene. Mwalimu kaeleza bahati vizuri, ila mbeleko ameiruka, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye nyama.

Uingereza wana taasisi inaitwa Sutton Trust inayofuatilia viongozi na watu mashuhuri walisoma wapi. Wanaosoma shule za kulipia kule ni kama asilimia 7 ya watu wote. Ripoti yao ya 2016 ilionyesha kwamba kati ya Waingereza walioshinda Oscar, asilimia 67 walisoma shule hizo. BAFTA, tuzo za filamu za nyumbani kwao, asilimia 42. Kwa muziki wa kawaida, tuzo za Brit, ilishuka hadi 19. Lakini tuzo za Brit za muziki wa klasiki ilipanda tena, takribani robo tatu.

Tazameni huo mpangilio. Muziki wa klasiki unataka fidla ya bei mbaya na mwalimu binafsi tangu mtoto ana miaka sita. Filamu inataka miaka ya kukaa London bila mshahara ukisubiri kuitwa kwenye majaribio. Muziki wa mtaani unataka sauti na mtu mwenye kompyuta. Kadiri gharama ya kuingia inavyokuwa kubwa, ndivyo watoto wa kishua wanavyojaa mlangoni. Ndiyo maana Bongo Fleva mpaka leo inatoa mtu kama Diamond Platnumz kutoka Tandale. Wanaosema muziki wetu ni wa watoto wa wakubwa hawajautazama.

Mbeleko ya hapa kwetu ni ya aina mbili: mahali na muda. Mahali, kila mtu anajua: vituo vikubwa, lebo, waongoza video, matamasha ya maana, vyote viko Dar, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kijana wa Sinza akiitwa studio saa tatu usiku anafika kwa bodaboda.

Muda ndio unaosahauliwa. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alishinda mashindano ya freestyle mwaka 2011, akapita kundi la Tip Top Connection, kisha lebo ya WCB, akatoa "Kwetu" 2016, na 2017 akachukua tuzo ya BET ya kimataifa inayochaguliwa na watazamaji. Tangu ushindi wa kwanza hadi watu wamjue ni miaka mitano. Tunamsifia uvumilivu, na anastahili. Ila wangapi wenye uwezo wa kukaribiana naye walirudi nyumbani mwaka wa pili kwa sababu kodi ya chumba iliisha? Hao hakuna redio itakayowahoji, kwa hiyo hesabu zetu zote za "nani alipambana" zinafanyika kwa waliobaki tu.

Sasa nawawekea hesabu ya mfano, si takwimu ya soko. Tuseme kila wimbo ulio safi una nafasi asilimia 5 ya kushika. Anayeweza kutoa wimbo mmoja ana asilimia 5. Mwenye nyimbo 4 ana kama 19 ya angalau mmoja kushika. Mwenye nyimbo 12, asilimia 46. Mtoto wa kishua anayeweza kutoa 40 bila kuulizwa hela imekwenda wapi ana asilimia 87. Hajawazidi wenzake kipaji, kawazidi idadi ya kujaribu. Upande wa pili, aliyejinoa mpaka nafasi ya kila wimbo ikafika asilimia 10, kwa nyimbo 12 tu anafika 72. Hapo ndipo juhudi inapomkaribia mwenye hela. Wimbo mmoja na video moja kali, kama wajomba wanavyotaka, hata kwa nafasi ya 10 ni kumi tu.

---

Chunya_Dhahabu amejibu:

Nyote mnazunguka. Mtu akipata kiki nzuri anatoboa, wimbo uwe mbovu uwe mzuri. Nunua watazamaji laki moja, watu wakiona namba wanafuata. Si ndivyo hata huo utafiti wa Mwalimu unavyosema?

---

MwalimuNamba amejibu:

Nusu yake ndiyo, mkuu wa Chunya. Salganik na Watts walirudi 2008 wakafanya hilo hasa: waligeuza orodha juu chini, wimbo wa mwisho ukaonekana wa kwanza. Baadhi ya nyimbo zilizopandishwa kwa uongo ziliendelea kupanda kweli. Lakini zile bora zilizoshushwa zilijikokota kurudi juu kadiri muda ulivyokwenda, na soko zima lilipoteza, maana watu walipakua nyimbo chache kuliko kawaida. Walikuta vibaya pale juu wakaondoka.

Kwa kiki ni vilevile. Inaleta watu mlangoni. Wakikuta wimbo wa katikati, mara ya pili hawaji, na kiki inayofuata lazima iwe kubwa zaidi.

---

FundiMafiati amejibu:

Namba za kununua zina ubaya mwingine wa kiufundi, niuweke kabla sijaingia kwenye milioni tatu. YouTube inapendekeza wimbo kwa kuangalia watu wanaudumu nao muda gani. Watazamaji wa kununua wanatoka sekunde za mwanzo, mstari wa kudumu unaporomoka, wimbo unaacha kupendekezwa kwa watu halisi. Spotify nao tangu 2024 wanawatoza wasambazaji (kampuni zinazowapelekea nyimbo za wasanii) faini kwa nyimbo zenye usikilizaji wa bandia uliopita kiasi, na msambazaji akishatozwa anachofanya ni kuushusha wimbo wako.

Sasa hela. Nachukua hesabu ya Dada kama msingi: kazi ya bajeti ni kushusha gharama ya kila jaribio bila kushusha ubora. Ningeigawa hivi: laki nane kurekodi nyimbo nne, yaani ukomo wa laki mbili kwa wimbo pamoja na miksi (kuunganisha sauti na ala) na masta (umaliziaji wa mwisho). Laki tano kwa picha, kava na video fupi za simu. Laki nne matangazo na bando. Laki tatu usajili, msambazaji na nauli. Laki saba za video kubwa hazitoki mpaka wimbo mmoja kati ya minne uonyeshe dalili. Laki tatu za mwisho ni akiba na haziguswi, maana siku wimbo ukishika kuna mahali ataitwa na hatakuwa na nauli wala nguo ya kupandia jukwaani.

Kabla ya studio, atengeneze demo kumi hata kwa simu na gitaa. Achague nne kwa kuwasikilizisha watu 20 wasiomjua. Wanakwaya, majirani na ndugu hawafai. Wasikilize mmoja mmoja, kwa spika za masikioni, wasione uso wa mwenzao, na mpangilio wa nyimbo ubadilishwe kwa kila mtu kwa sababu ya kwanza kusikika hupendelewa. Swali liwe moja: upi ungependa kuusikia tena? Hilo ni lile kundi la kwanza la Mwalimu, la watu wasioona wenzao wamechagua nini. Kosa la kawaida ni kuupeleka wimbo kwenye kundi la WhatsApp. Wa kwanza akiandika "moto", wote wanaandika moto.

Kurekodi. Mvua ya Mbeya inaanza Novemba hadi Aprili, mara nyingine inaingia Mei, na studio nyingi za mtaani ziko chini ya bati. Ukirekodi sauti Januari jioni unalipia saa tatu na kuimba dakika arobaini. Weka ratiba ya sauti Juni hadi Oktoba, au asubuhi ya mapema kama lazima iwe masika. Juni na Julai nako kuna baridi kavu: koo lipashwe moto polepole, maji ya uvuguvugu, asianze na noti za juu. Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kizuia upepo katikati, blanketi nzito nyuma ya mwimbaji kuliko nyuma ya maiki, kwa sababu maiki nyingi za studio zinachukua kinachotoka upande wa mbele. Kilele cha sauti wakati wa kurekodi kibaki kati ya dB −12 na −6. Kikigonga sifuri kinakwaruza, na hakuna programu itakayokirudisha sawasawa.

Masta: faili la WAV la 24-bit, kilohezi 44.1. Prodyuza wengi wanapenda kuupaisha wimbo uwe na kelele kuliko wa jirani. Spotify inausawazisha kwenye −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo ulioletwa kwenye −7 unashushwa tu, ukiwa umeshapoteza mpigo wake. Kilele kisizidi dB −1. Halafu usikilizeni kwenye spika moja, kwa mono. Bajaji, redio ya dukani na simu ya kawaida zote ni spika moja, na sauti ya binti au ala iliyopanuliwa kwa madoido ya kulia na kushoto inaweza kufifia au kupotea ikiunganishwa. Hili linaua nyimbo nyingi za huku na mwenye wimbo hajui kwa nini, maana kwenye spika za studio ulikuwa mtamu.

Ombeni pia biti tupu na faili la kila ala peke yake, zihifadhiwe mahali pawili. Siku ya shoo ya runinga wataombwa biti, na kompyuta ya studio itakuwa imeshakufa.

Kuachia. Kava pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao, wasambazaji wanalikataa. Faili lifike kwa msambazaji wiki nne kabla. Spotify inataka ombi la kuingizwa kwenye orodha zao lifike angalau siku saba kabla ya wimbo kutoka. Wanahesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, kwa hiyo utangulizi wa biti wa nusu dakika ni zawadi ya bure kwa wasikilizaji wasio na subira. Sauti yake isikike kabla ya sekunde ya 15. Na tangu 2024 wimbo usiofika mara 1,000 kwa miezi 12 Spotify haiulipi, hivyo msitegemee hela ya huko mapema. Mashabiki wa kwanza wa huku mtawapata YouTube, Boomplay na Audiomack.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote: wasikilizaji wa kwanza wakusanywe mahali pamoja. Utafiti umeshasema wanaobonyeza mapema ndio wanaoamua. Laki nne za matangazo zikitawanywa Tanzania nzima hazionekani. Zikiwekwa Jiji la Mbeya peke yake kwa wiki mbili, wimbo unasikika Mwanjelwa, unasikika Soweto, unasikika kwenye bajaji ya Mafiati, na mtu anaanza kuamini kwamba kila mtu anausikiliza. Muda mzuri ni wiki ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole kwao kabisa, wakulima wameshavuna na hela ipo mfukoni. Wa pili ni vyuo vikifunguliwa. Redio za hapa, Bomba FM kwa Mbeya au Ebony FM kwa Iringa, pelekeni MP3 ya kbps 320 iliyojazwa jina la msanii, jina la wimbo na simu ndani ya faili lenyewe. Watangazaji wanapokea faili zinazoitwa "final final 2" kila siku na hawana muda wa kuuliza ni la nani. Kama mtu anadai hela ya pembeni ili aupige, kataeni: wimbo unapigwa wiki ile tu, na hamtajua kama watu wameupenda au hela ndiyo iliyopenda.

---

Karatasi_Kwanza amejibu:

Fundi kamaliza sauti, mimi niongeze kwenye makaratasi, kwa sababu kuna bahati nyingi zimewahi kufika kwa msanii zikaishia kwa mtu mwingine.

Kabla hajatoka studio, iandikwe karatasi moja: nani kaandika maneno, nani katengeneza melodi, nani kapiga biti, kila mmoja asilimia ngapi, jumla mia, sahihi na namba za NIDA. Iandikwe siku hiyohiyo. Wimbo ukishashika kumbukumbu za watu hubadilika sana.

Biti ya kupakua YouTube yenye leseni ya kawaida inauzwa kwa watu wengine mia. Mkiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mtawagombania wenzenu na wao watawagombania nyinyi, na hela inasimama. Kama ni biti ya namna hiyo, zimeni huduma hiyo kwa msambazaji. Wimbo usipelekwe kwa wasambazaji wawili. Kila mmoja anaweza kuutolea ISRC yake, ile namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla, na usikilizaji utagawanyika kana kwamba ni nyimbo mbili.

Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe yake na laini yake. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kama namba ya kurejesha chaneli iko kwenye laini ya meneja, siku wakigombana chaneli ni ya meneja na hakuna mtandao wa simu utakaomsaidia. Malipo ya matangazo ya YouTube yanaanza kufikiriwa akifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. AdSense, mfumo wa Google unaolipa hela hiyo, inatuma namba ya uthibitisho kwa posta salio likifika dola 10, basi awe na S.L.P. inayofunguliwa kweli, si ya shule aliyomaliza. Fomu ya kodi ya Marekani ijazwe. Asipoijaza wanaweza kumkata hadi asilimia 24 ya mapato yote, badala ya kukata sehemu inayotoka kwa watazamaji wa Marekani peke yake. Msambazaji naye aulizwe mapema analipaje. PayPal kwetu kwa muda mrefu imekuwa ya kulipia kuliko ya kupokelea.

BASATA kwa usajili wa msanii, COSOTA kwa usajili wa kazi. Aanzie kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, ataelekezwa bila kusafiri. Hakimiliki inaanza wimbo unapotungwa, ila cheti ndicho kitakachosimama mkibishana.

Mkataba wa lebo ukija, kuna vitu vinne vya kuangalia kabla ya kutazama gari walilokuja nalo: miaka mingapi, masta (rekodi yenyewe ya wimbo) ni ya nani mkataba ukiisha, gharama za video zinarudishwa kutoka fungu la nani, na kuvunja mkataba ni shilingi ngapi. Hilo la mwisho liwe namba, si "kwa makubaliano". Zimeshasikika hadharani kesi za wasanii kutakiwa mamia ya mamilioni ili watoke.

---

KabweStendi amejibu:

Ndaga fijo wakuu. Nimeelewa kwamba wajomba wamekosea kwenye wimbo mmoja na baba wadogo wamekosea kwenye kizuri chajiuza. Ila swali la Dar bado. Aende au asiende? Na wimbo ukionyesha "dalili", dalili yenyewe ni ipi?

---

DadaWaKihesa amejibu:

Kuhamia, bado. Kwa milioni tatu Dar inamaliza akiba kwa miezi michache na anarudi hana hata wimbo wa pili. Akienda, aende kwa wiki mbili zenye ratiba: mahojiano yaliyothibitishwa, kolabo iliyokubaliwa, kikao na mtu aliyesikia nyimbo tayari. Alale kwa ndugu, arudi. Koneksheni inayopatikana akiwa na wimbo unaopigwa Mbeya na Iringa ni tofauti na ile ya kubisha hodi na flashi mkononi. Mmoja anaulizwa "unataka nini?", mwingine anaambiwa asubiri kwenye benchi.

Na mkikaa kikao cha ukoo, msiiandike hiyo hela kama uwekezaji wa kurudishwa. Mkimpa deni, atakubali mkataba wa kwanza utakaoletwa.

---

FundiMafiati amejibu:

Dalili: matangazo yakishazimwa, wiki ya pili iwe sawa na ya kwanza au juu yake. Nyimbo nyingi zinapanda siku tatu, ndugu wakishamaliza kusikiliza zinashuka. Pili, kwenye YouTube Studio, zaidi ya nusu ya watu wawe bado wapo wimbo ukifika katikati. Hicho ni kiwango changu cha kazi, si sheria ya YouTube. Tatu, watu asiowajua waanze kuimbia kipande chake TikTok bila kuombwa. Ukipata mbili kati ya hizo, toa zile laki saba, video ipigwe ndani ya wiki tatu. Safu za milima ya Uporoto na mashamba ya chai ya Tukuyu hazilipishwi kama ukumbi, ombeni ruhusa tu kwa wenye shamba, na mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ukungu haujapanda.

Usipopata hata moja, usiumize kichwa na wimbo huo. Wiki ya sita unatoka wa pili, ambao faili lake lilishafika kwa msambazaji wiki nne nyuma.